Wali, muhogo na tende: ugomvi wa wanga umetoka wapi?

Siku ya tatu baada ya kuacha wali, khalati yangu alianza kutetemeka akiwa ameketi dakani. Jasho lilimtiririka mpaka leso ikalowa, na alipoulizwa jina la mjukuu aliyesimama mbele yake, akataja jina la kaka yake aliyekwisha kufariki. Kijana wa nyumba ya pili akaja mbio na kipimo cha sukari, akamtoboa kidole, kikaandika 2.9 (milimoli kwa lita). Mwenye kisukari akishuka chini ya 3.9 tayari anahitaji msaada. Tulimkorogea vijiko vinne vya sukari kwenye maji, akanywa, na baada ya robo saa akatuuliza kwa nini tumemzunguka.

Alikuwa amefuata ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Msemaji, ambaye hakujitaja jina, alisema wali, mkate, muhogo na tende ndivyo vinavyoleta ugonjwa wa sukari, na kwamba madaktari wanalijua hilo ila wanalificha kwa sababu dawa zina faida. Khalati akaviacha vyote kwa mara moja. Vidonge vyake vya kisukari akaendelea kuvimeza kama kawaida, asubuhi na jioni.

Ujumbe ule ungekuwa uongo mtupu usingefika mbali. Ulisafiri kwa sababu umepanda mgongoni mwa ukweli. Keti Mkunguni baada ya laasiri, mbele ya Ngome ya Lamu, na mada ya chakula ikizuka utayasikia haya: mmoja atasema kliniki walimwambia ale ugali na wali "kwa kiasi" na sukari yake haijashuka hata siku moja. Wa pili atasema babu yake alikula wali wa nazi maisha yake yote na alikufa mzee sana, hajui kidonge ni nini. Wa tatu atauliza: jana mayai yalikuwa sumu, leo mayai ni dawa, kesho watatuambia nini? Wote watatu wana hoja. Nitajaribu kuzifungua moja moja, maana jambo hili limekwisha kutuingilia majumbani.

Mkanganyiko wa kwanza uko kwenye lugha yetu. Neno "wanga" asili yake ni ule unga mweupe unaokamuliwa kwenye muhogo na mizizi mingine, ukikorogwa kwa maji moto hugeuka gundi. Vitabu vya shule vikalichukua neno hilohilo vikalipa kazi kubwa zaidi: kuitaja jamii nzima ya vyakula ambayo wataalamu huiita kabohaidreti. Sasa mtu akisema "acha wanga", hujui kama anasema ugali, sukari ya chai, embe au maharagwe. Vyote vimo katika jamii hiyo, lakini mwilini havifanani hata kidogo.

Chukua tasbihi. Punje moja, au mbili zilizoshikana, hiyo ndiyo sukari. Punje mamia kwa maelfu zilizotungwa kwenye uzi mmoja, huo ndio wanga wenyewe: wa mchele, wa mahindi, wa muhogo, wa ngano. Ukila wali, tumbo hukata uzi na kuzimwaga punje, na kila punje ni glukosi, sukari ileile inayopimwa kwenye damu. Kwa hiyo anayesema wali hugeuka sukari hajasema uongo. Kisha kuna mtoto wa tatu wa familia hii, nyuzinyuzi, ambazo nazo ni punje zilizotungwa, ila utumbo wetu hauna mkasi wa kuukata uzi wake. Hupita kama zilivyo, hupunguza kasi ya vingine na hulisha vijidudu vyema vya tumboni. Ziko kwenye ganda la mbaazi, kwenye pumba ya mtama, kwenye mchicha, kwenye nyama ya tunda. Kiwanda kinapokoboa mahindi yakawa meupe pe, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi ndiyo inayobaki kwenye pumba na kwenda kwa kuku.

Sasa fikiria jeti ya Mokowe, gati ya upande wa bara ambako mabasi hushusha watu wanaovuka kwa boti kwenda Lamu. Abiria ni glukosi, jeti ni damu, na mji wa Lamu ng'ambo ni misuli na viungo vinavyoingoja. Boti ndiyo insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho. Basi moja likifika, boti zikavusha watu, jeti ikabaki na nafasi, hiyo ndiyo afya. Ukinywa soda, au ukala mahamri matatu kwa chai yenye sukari vijiko vitatu, umeteremsha mabasi matano kwa dakika moja. Ukila mbaazi, abiria wanakuja wawili wawili kwa miguu. Idadi ya mwisho inaweza kukaribiana, lakini jeti haijai.

Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho wengi wetu tunacho, boti zipo lakini injini zimechoka. Kongosho hushusha boti zaidi na zaidi majini kufidia, mpaka nalo huchoka. Hapo ndipo vidonge huingia, na baadhi yake, kama glibenklamidi, kazi yake ni kuilazimisha kongosho itoe boti, abiria wawepo wasiwepo. Khalati alifunga barabara ya mabasi, boti zikaendelea kuvusha, jeti ikabaki tupu. Na ubongo wake, ambao hula kutoka jeti hiyohiyo, ukakosa chakula.

Kwa hivyo je, ni kweli kwamba kupunguza wanga hushusha sukari ya damu? Ndiyo, na halijafichwa. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilichapisha ripoti ya wataalamu wake, ikasema wazi kwamba katika njia zote za ulaji, kupunguza kabohaidreti ndiko kuna ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari. Hesabu yenyewe haina siri. Gramu 200 za wali uliopikwa, yaani sahani ya mtu asiye na njaa sana, zina kabohaidreti gramu 55 hivi. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na ushei, sawa na vijiko saba au vinane vya chai. Yule bwana wa Mkunguni aliyeambiwa ale "kwa kiasi" alikuwa na haki ya kuuliza kiasi gani. Neno hilo halipimi kitu. Kwenye sinia ya wali ya watu wanne, nani anajua kiasi chake?

Kutoaminiana kumezaliwa hapo, pale ushauri wa nchi nzima unapopewa mtu mmoja. Mwongozo wa serikali huandikwa kwa wote: mtoto wa shule wa Faza, mvuvi wa Kizingitini anayevuta nyavu tangu alfajiri, na mama wa miaka sitini mwenye kisukari. Ni kama jedwali la maji kujaa na kupwa. Litakwambia kweli saa ya bamvua, lakini halikijui chombo chako kinazama kiasi gani.

Lakini kuna sababu nzito zaidi, na sitaki kuipitia juujuu, kwa sababu watu wanaodhani kwamba umma unakosa imani kwa ujinga tu wanaukosea umma.

Mwaka 1968 Chama cha Moyo cha Marekani kiliwaambia watu wasile mayai zaidi ya matatu kwa wiki, kwa hofu ya kolesteroli, aina ya mafuta ambayo ikizidi kwenye damu huweza kuziba mishipa. Kikomo cha kolesteroli cha miligramu 300 kwa siku kikaondolewa kwenye mwongozo wa serikali ya Marekani mwaka 2015, kwa sababu ilionekana kolesteroli ya kwenye chakula haipandishi sana ile ya kwenye damu kwa watu wengi. Miaka 47 ya kuogopa kiini cha yai. Kisha majarini. Watu waliambiwa waache samli na siagi wapake majarini. Majarini nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa kuyagandisha mafuta ya mimea kiwandani, kazi inayozaa mafuta ya aina ya transi. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi wakaonyesha kwamba mafuta hayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha iliyo nzuri kwa pamoja. Leo Shirika la Afya Duniani linataka yaondolewe kabisa kwenye chakula cha dunia nzima.

La sukari ndilo linaloumiza zaidi. Mwaka 1967 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha mapitio ya tafiti kuhusu ugonjwa wa moyo, yakielekeza kidole kwenye mafuta na kuipunguzia sukari lawama. Mwaka 2016, mtafiti Cristin Kearns na wenzake wakatoa hadharani barua za zamani: wafanyabiashara wa sukari wa Marekani walikuwa wamewalipa wanasayansi wale dola 6,500, wakachagua makala za kujadiliwa, na kuonyeshwa rasimu kabla ya kuchapishwa. Fedha hizo hazikutajwa. Mmoja wa waandishi wale, Mark Hegsted, baadaye alishiriki kuandaa malengo ya ulaji ya Marekani ya mwaka 1977. Sisemi kwamba dola 6,500 ndizo zilizoandika sera ya dunia. Wapo waliokuwa wakiyachunguza mafuta kwa nia safi, kama mtafiti Ancel Keys. Nasema kwamba mtu akikwambia "kuna waliolipwa", hajaota.

Kisha mwaka 1992 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikatoa ile piramidi maarufu, iliyoigwa madarasani mpaka huku kwetu: chini kabisa, mkate, wali na nafaka, mara 6 hadi 11 kwa siku. Juu kabisa, mafuta, kwa uchache. Haikutofautisha sana mtama mzima na mkate mweupe, wala mafuta ya samaki na mafuta ya kuganda. Ilifutwa, na mwaka 2011 ikawekwa picha ya sahani ambayo nusu yake ilikuwa mboga na matunda.

Hapa ndipo penye swali ambalo mimi naona lingetuokoa na mabishano mengi, na si la kisayansi sana. Ukiambiwa acha kitu fulani, uliza: badala yake nile nini?

Ushauri wa kuacha mafuta ulikwama kwenye swali hilo. Viwanda vilitoa mafuta, vikatia sukari na unga mweupe ili ladha irudi, vikaandika kwenye paketi kwamba bidhaa haina mafuta. Mtu akala biskuti akijiona anautunza moyo. Ushauri wa kuacha wanga unaweza kukwama palepale. Anayepunguza wali akajaza sahani kwa changu wa kupaka, mchicha na kunde, amefanya jambo moja. Anayeacha wali akala soseji na kuku wa kukaanga kila usiku, amefanya jambo jingine kabisa, ingawa wote wawili watasema "nimeacha wanga".

Na wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1863 William Banting, mtengeneza majeneza wa London, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua unene kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Afrika Kusini mpaka leo ulaji huo huitwa kwa jina lake, na huko ulizua kesi. Profesa Tim Noakes, daktari na mtafiti wa sayansi ya michezo, alimjibu mama mmoja kwenye Twitter mwaka 2014, akamwambia mtoto aachishwe ziwa kwa vyakula vyenye wanga kidogo na mafuta mengi. Akashtakiwa mbele ya baraza la taaluma za afya. Mwaka 2017 akaonekana hana hatia, rufaa dhidi yake ikatupwa 2018. Wengi waliofuatilia walijifunza somo moja: wakubwa wanamnyamazisha asemaye kweli. Kesi haikuamua hivyo. Iliamua kama alivunja maadili ya kazi yake, si kama ulaji wake unamfaa kila mtu. Lakini chombo rasmi kikimwandama mtu miaka minne kwa sentensi moja, nani atawalaumu watu kwa kushuku?

Tofauti na hapo, mtazame Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo wa Tanzania ambaye video zake za kuwasihi watu wapunguze kula zimefika kwenye simu zetu hapa kisiwani. Tangu mwaka 2025 ndiye mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Ukuta kati ya "wao" na "sisi" si mnene kama ule ujumbe wa sauti unavyotaka tuamini.

Tafiti zenyewe zinasemaje? Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwagawa watu 609 makundi mawili, moja lipunguze mafuta, jingine kabohaidreti, kwa mwaka mzima. Wote waliambiwa waepuke sukari na unga mweupe, wale mboga kwa wingi. Waliopunguza mafuta walipungua kilo 5.3, waliopunguza kabohaidreti kilo 6, tofauti ndogo isiyohesabika kuwa ushindi. Mwaka uliofuata Kevin Hall, mtafiti wa taasisi za afya za Marekani, aliwalaza watu 20 hospitalini mwezi mmoja: wiki mbili chakula cha viwandani, wiki mbili chakula kilichopikwa kutoka vitu vya asili. Vyakula vilivyowekwa mezani vilikuwa na sukari, mafuta, nyuzinyuzi na wanga kwa viwango vinavyolingana, kila mtu ale mpaka ashibe. Kwenye chakula cha viwandani walikula kalori 500 zaidi kila siku bila kujua. Kikundi ni kidogo, lakini walikuwa ndani, chakula kinapimwa. Tafiti nyingi za lishe huwauliza watu wakumbuke walichokula mwaka mzima, na mimi sikumbuki nilichokula Jumanne.

Kuhusu dai kwamba wanga peke yake ndio unaoleta kisukari, kuna utafiti wa Uingereza uliotolewa 2017. Watu wenye kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka sita walilishwa kwa miezi michache vinywaji maalumu vya kalori 850 hivi kwa siku. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa hawana tena sukari ya kiwango cha ugonjwa, bila dawa. Na vinywaji vile, zaidi ya nusu ya nguvu yake ilitoka kwenye kabohaidreti. Kilichowasaidia ni kupungua kilo, hasa mafuta yaliyozonga ini na kongosho.

Turudi kwa babu wa wali wa nazi. Yuko ndugu yake mbali sana, kwenye kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea. Daktari wa Uswidi, Staffan Lindeberg, aliwachunguza watu wa huko kuanzia 1989. Chakula chao kilikuwa viazi vikuu, viazi vitamu, matunda, samaki na nazi. Zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya chakula ilikuwa kabohaidreti, na mafuta mengi yalikuwa ya nazi. Ugonjwa wa moyo na kiharusi karibu haukuonekana, wanene hawakuwepo. Ukisoma hivyo unaweza kukimbilia jikoni kukuna nazi tatu. Lakini soma kilichokosekana Kitava: sukari ya paketi, unga wa ngano, mafuta ya kukaangia, karibu havikuwepo. Na waliilima ile mizizi kwa mikono yao. Babu zetu walivuka Manda kulima, wakatia nazi kwenye samaki na mbaazi. Sisi tumechukua wali wao na nazi yao, tukaongeza soda, chapati, juisi ya paketi na viazi vya karai, tukaketi. Halafu twauliza mbona nazi imetugeuka.

Nazi ihukumiwe kwa haki pia. Kuna wanaoiuza siku hizi kama dawa ya kila kitu. Mafuta ya nazi hupandisha kolesteroli mbaya kuliko mafuta ya alizeti au ya mahindi, hilo limeonekana mara kwa mara. Tui kwenye mbaazi ni kitoweo. Vijiko vitatu vya mafuta ya nazi kunywa asubuhi si mila ya mtu yeyote hapa.

Tende ni zaidi ya nusu sukari kwa uzito. Ina nyuzinyuzi, ina madini, na tatu za kufungulia hazilingani na chupa ya soda. Lakini mwenye kisukari anayekula kumi na mbili kwa sababu "sukari ya asili haidhuru" anajidhuru. Asali ni vilevile. Embe zima si juisi ya embe, kwani juisi imeachwa bila nyuzinyuzi na huingia matatu kwa glasi moja. Na wali wa kiporo ni kweli hujenga wanga mgumu kidogo unaochelewa kusagwa, ila faida ni ndogo, na ukilala nje usiku wa joto la huku huota vijidudu vya kuharisha.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kabohaidreti, na haukuuliza kiasi tu, uliuliza aina: zitoke zaidi kwenye nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, na mtu mzima apate gramu 400 za mboga na matunda na gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa sukari ya kuongezwa, tangu 2015 linasema isizidi gramu 50 hivi, na 25 ni bora zaidi, yaani vijiko sita vya chai. Hesabu vijiko vyako vya chai tangu asubuhi, bila mahamri.

Khalati hakurudi kwenye wali kama zamani, wala hakubaki kwenye nyama tupu. Nilikwenda naye kliniki tukiwa tumebeba paketi za dawa zote mkononi, na hilo namwomba kila mwenye kisukari alifanye kabla ya kupunguza wanga, siyo baada. Anayetumia dawa ya metformini peke yake ana hatari ndogo ya sukari kushuka mno. Anayetumia glibenklamidi au insulini lazima dozi itazamwe kwanza, na anayeishi kwa insulini tangu utotoni asiiache hata siku moja. Muuguzi aliyetupokea hakumgombeza. Alimpunguzia kidonge, akachukua karatasi, akamchorea sahani.

Tulipima wiki mbili. Mahamri mawili na chai ya sukari: saa mbili baadaye, 13.4. Hamri moja, bakuli la mbaazi, chai bila sukari: 9.8. Ni mtu mmoja na kidole kimoja, si utafiti. Lakini ni kidole chake, na sasa ujumbe wa sauti ukija kwenye kikundi huusikiliza mpaka mwisho, kisha huandika swali moja tu: "Na badala yake mwasema tule nini?" Ule wa juzi mpaka leo haujajibiwa.